Miguu inawaka moto, usingizi hauji, na vidonge vinazidi kuongezeka

Ukinunua amitriptilini, kidonge cha maumivu ya mishipa ya fahamu, kwenye maduka mengi ya dawa hapa kwetu, hupewi boksi. Muuzaji anakata vidonge kumi kwa mkasi, anavitia kwenye kibahasha, anaandika juu yake 1x1 usiku, basi. Karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi inabaki dukani, na ikifika jioni inatupwa pamoja na boksi lenyewe. Mgonjwa anaondoka na jina la dawa na saa ya kuimeza. Hajui kwamba kidonge hicho kinaweza kumkausha mate, kumfunga choo, kuzuia mkojo usitoke, kumtia ukungu machoni na kumpa kizunguzungu anapoinuka kitandani. Yakimpata atadhani ameingiwa na maradhi mengine. Atarudi hospitali kuyaeleza, na mara nyingi sana atatoka huko na kidonge kingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu Tanga, kwa Baba. Mimi si daktari wala mfamasia. Ni mtoto ninayemuuguza mzazi mwenye kisukari cha miaka mingi, na naandika kwa ajili ya wenzangu mnaobeba mifuko ya dawa za wazee wenu kutoka kliniki hadi kliniki. Ninalotaka tulizoee ni hili: mgonjwa akipata dalili mpya baada ya kuanza dawa mpya, au baada ya dozi kupandishwa, swali la kwanza liwe juu ya ile dawa. Majibu yanaweza kuja kuwa mengine, lakini swali hilo litangulie.

Nianze na maumivu yenyewe, maana bila kuyaelewa mtu anaweza kudhani dawa hizi ni za anasa. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika kwenye vidole vya miguu. Ganzi na moto hupanda taratibu kutoka vidoleni kwenda kifundoni, kama mtu anayevalishwa soksi. Ajabu yake ni kwamba mguu uleule usiohisi mwiba unaweza kuumia kwa kuguswa na shuka. Mchana mtu ana shughuli, anazungumza, anasahau kidogo. Usiku kila kitu kikitulia, moto unakolea. Baba alikuwa akitoka kitandani na kukanyaga sakafu ya saruji pekupeku ili apate ubaridi, akizunguka chumbani hadi muadhini anaadhini. Si wenye kisukari peke yao wanaoyajua haya. Waliougua mkanda wa jeshi hubaki na maumivu ya namna hiyo hata vipele vikishapona. Wapo waliotumia stavudini enzi zile za mwanzo za ARV, kabla Shirika la Afya Duniani halijazitaka nchi ziiondoe, wakaachiwa ganzi ya miguu. Wapo wanaotumia dawa za kifua kikuu, ambao hupewa vitamini B6 ili isoniazidi isiwaumize neva. Panadol haifui dafu mbele ya maumivu haya. Diklofenaki nayo haisaidii kitu, na kwa mwenye kisukari inaongeza hatari ya kuharibu figo.

Dawa zinazosaidia zilitoka kwenye maradhi mengine. Amitriptilini iliingia sokoni Marekani mwaka 1961 kama dawa ya sonona. Karbamazepini na gabapentini ni dawa za kifafa; gabapentini ilipata kibali Marekani mwaka 1993, na nduguye pregabalini ikafuata mwaka 2004. Jambo hili lilituletea kelele nyumbani. Mpwa wangu alitafuta jina la dawa kwenye simu, akasoma kwa sauti kwamba ni ya wagonjwa wa akili, na Shangazi aliyekuwa anachambua mchele akasimama: "Yaani kaka yangu mnampa dawa za wendawazimu, na mmenyamaza?" Ilibidi aelezwe kwamba mishipa ya fahamu iliyoharibika hupeleka taarifa za maumivu hata pasipokuwa na kidonda, na dawa hizi zinapunguza hizo kelele kwenye uti wa mgongo na kwenye ubongo. Amitriptilini inayotumika kwa maumivu mara nyingi ni ya miligramu 10 au 25 usiku, dozi ndogo kuliko ya sonona. Shangazi alielewa. Lakini dawa inayotuliza kelele za neva za miguu haichagui neva za miguu tu. Inazifikia na zile zinazoendesha mate, utumbo, kibofu, macho, moyo na fikra. Maudhi yake mengi yanatoka hapo.

Baba alianza na pregabalini, miligramu 75 asubuhi na 75 usiku. Ilimsaidia, na hilo lazima niliseme, kwa kuwa ukisikiliza watu wanaolalamikia dawa unaweza kudhani hazina faida yoyote. Moto ulipungua na rangi ya uso ikamrudia. Alikuwa analewalewa kidogo asubuhi, tukaambiwa atazoea. Baada ya wiki chache miguu ikaanza kuvimba, viatu vikawa havimwingii, ukibonyeza kwa kidole juu ya kifundo panabaki shimo.

Mtu mwenye kisukari na umri wa Baba akivimba miguu, akili ya kila mtu inakimbilia moyo na figo. Ni halali, na vipimo vya moyo na figo ni vya lazima. Ila kwenye kituo tulichokwenda hakuna aliyeuliza ni dawa gani ameanza karibuni, na kuvimba miguu ni miongoni mwa maudhi ya pregabalini yanayojulikana sana. Akapewa furosemidi, ile ambayo wengi tunaiita Lasix, dawa ya kukojoza. Maelekezo hayakutaja saa, naye akawa anaimeza jioni baada ya kula. Usiku kucha ni kuinuka na kurudi. Usingizi uliokuwa umeanza kurejea kwa sababu ya kupungua maumivu ukapotea tena kwa sababu ya mkojo. Kwenye zahanati nyingine akasema jambo moja tu, kwamba halali. Akaandikiwa diazepamu, miligramu 5 usiku. Na kwa kuwa bado nyayo zilikuwa zinamwaka saa za usiku wa manane, daktari mwingine tena akaongeza amitriptilini ya 25.

Kila mmoja alitibu alichoambiwa, na ukimchukua mmoja mmoja huwezi kumlaumu. Foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache, na cheti cha kliniki ya kisukari hakipo kwenye zahanati ya mtaani. Lakini vidonge vyote vilikuwa vinakutana ndani ya mwili wa mzee mmoja.

Yaliyofuata yalikuja taratibu, ndiyo maana yalitupotea. Mate yalimkauka mpaka mkate mkavu ukawa haumezeki bila chai. Wanaofunga Ramadhani wanajua mdomo mkavu ni nini, lakini huu haukwisha kwa maji. Msahafu wake, ambao amekuwa akiusoma umbali uleule kwa miaka, akaanza kuusogeza mbali na kuurudisha karibu, mistari inaingiliana. Tukasema ni uzee na kisukari, tukamlipia miwani mipya. Miwani haikusaidia, maana amitriptilini huidhoofisha misuli ya jicho inayolenga vitu vya karibu, na hakuna lenzi ya kuponya hilo. Choo kikawa kigumu. Mkojo, uliokuwa unamwamsha kila saa, sasa ukawa hautoki vizuri. Alikuwa anasimama chooni muda mrefu. Hili hakuniambia mimi, binti yake. Alimwambia kaka yangu, na kaka yangu alinidokeza kwa kuzunguka. Tezi dume ya wazee wengi tayari imekua, na dawa inayolegeza kibofu ikiongezwa juu yake, mkojo unaweza kuziba kabisa mpaka mtu awekewe mpira.

Hapa naomba nisimame kidogo. Wazee wetu wengi hawasemi mambo ya chooni wala ya chumbani mbele ya watoto, hasa watoto wa kike, na daktari akiwa binti mdogo hawamwambii pia. Amitriptilini na duloksetini, dawa nyingine ya sonona inayotumika kwa maumivu haya, zinaweza kupunguza nguvu za kiume na hamu, kwa wanawake vilevile. Mzee akiyaona hayo anaacha dawa kimyakimya na anaendelea kuitikia kwamba anameza. Kisha anapandishiwa dozi kwa kuwa "haimsaidii". Kama mzazi wako ni wa kiume, mtafute mwanamume wa kumuuliza, iwe mjomba, kaka au shemeji. Kama ni mama, mtafute wa kike anayezoeana naye. Ulizeni waziwazi, msisubiri aseme mwenyewe.

Na kisha kumbukumbu. Baba aliyejua majina ya vituo vyote vya reli kutoka Tanga hadi Moshi alianza kuuliza mara mbili kama ameshakula. Alfajiri moja alitoka kwenda uani kutia udhu. Nilisikia ndoo ikigonga ukuta, nikamkuta ameketi sakafuni kwenye maji, kopo bado liko mkononi, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni nani. Hakuvunjika popote. Kwa mzee wa umri wake ingeweza kuwa nyonga, na nyonga ikivunjika katika umri ule wengi hawarudi tena kutembea walivyokuwa wakitembea. Amitriptilini hushusha presha mtu anaposimama ghafla, furosemidi inapunguza maji mwilini na kuongeza hatari hiyo, diazepamu inalegeza misuli na kuchelewesha mwili kujishika, pregabalini inaleta kizunguzungu. Dawa nne, na kila moja peke yake inaweza kumwangusha mtu.

Aliyetupa mwanga ni mfamasia, mama mmoja wa makamo, tulipokwenda kutafuta vidonge vya kumbukumbu. Alimwamkia Baba, akatuuliza vidonge hivyo ni vya nini, kisha akasema hauzi kitu mpaka aone vyote anavyotumia. Kaka yangu akarudi nyumbani kuleta mfuko. Yule mama alivimwaga juu ya meza ya kioo, akatenganisha metformini, dawa yake ya kisukari, na dawa ya presha upande mmoja, hivi vingine upande wake. "Baba, dawa hizi hukuzianza siku moja. Nitajie ipi ilitangulia, halafu uniambie baada ya hiyo kilikusumbua nini." Baba akaanza kutaja, nasi tukimkumbusha. Kila alipotaja dawa, yeye aliivuta mbele na kuandika kwenye karatasi mwezi na tatizo lililofuata. Alipomaliza aliigeuza karatasi tukaisoma wenyewe: pregabalini, kuvimba; furosemidi, kuamka usiku; diazepamu na amitriptilini, kusahau, ukavu, mkojo, kuanguka. Hakutuambia tuache kitu. Alituandikia barua ya kumpelekea daktari wa kliniki ya kisukari, akasisitiza Baba apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.

Jambo hili lina jina kwenye utabibu wa wazee: mnyororo wa maagizo ya dawa. Madaktari wawili, Paula Rochon na Jerry Gurwitz, walilieleza kwenye jarida la BMJ mwaka 1997. Dawa ya kwanza inaleta maudhi, maudhi yanadhaniwa ugonjwa mpya, ugonjwa mpya unapewa dawa yake, na safari inaendelea. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Mark Beers, daktari wa wazee, alikuwa ametoa orodha ya dawa zinazostahili kuepukwa kwa wazee, orodha ambayo madaktari wa Marekani huipitia upya mara kwa mara hadi leo. Amitriptilini imo. Diazepamu imo. Kwa hiyo yaliyompata Baba yalijulikana zamani.

Kuhusu kreatinini, hili ni la kushikilia kwa mikono miwili. Pregabalini na gabapentini karibu zote hutoka mwilini kupitia figo zikiwa kama zilivyomezwa, ini halizivunji. Kisukari nacho huumiza figo. Kwa hiyo mgonjwa anayezihitaji sana kwa ajili ya miguu ndiye ambaye figo zake mara nyingi haziwezi kuzitoa, na dozi ya kawaida kwake inajilimbikiza siku hadi siku mpaka inakuwa kubwa. Figo za Baba zilikutwa zimepungua nguvu kiasi. Dozi yake ilikuwa kubwa kwake tangu kidonge cha kwanza. Kipimo hiki kinapatikana kwenye hospitali nyingi za wilaya na maabara za mitaani, na mtu asianzishiwe dawa hizi mbili bila kukifanya.

Nina jambo moja linaloniuma kuhusu gabapentini. Mwaka 2004 kampuni ya Warner-Lambert, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Pfizer, ilikiri mashtaka nchini Marekani na kulipa dola milioni 430 kwa kuitangaza dawa hiyo kwa matumizi ambayo haikuwa na kibali nayo. Aliyefichua ni mfanyakazi wa zamani wa kampuni hiyo, mwanasayansi David Franklin. Gabapentini inafaa kwa baadhi ya maumivu ya neva, hilo limethibitishwa. Lakini sifa zake zilivuma kupita uwezo wake, na sifa zilizovumishwa huko zinafika hadi huku, ambako mtu anaandikiwa kwa mgongo wa kawaida uliochoka kwa kubeba mizigo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 kwenye Lancet Neurology ulikadiria kwamba inabidi karibu watu 8 wapewe pregabalini ili mmoja apate nafuu ya nusu ya maumivu yake ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa ndani. Kwa kundi la amitriptilini ni karibu watu 4. Wagonjwa wangeambiwa hivyo mapema. Mtu aliyemeza dawa kwa dozi ya kutosha na kwa wiki za kutosha bila nafuu ana haki ya kuomba ipunguzwe na kuondolewa, badala ya kuongezewa nyingine juu yake.

Sasa diazepamu, ambayo mtaani wanaijua kwa jina la Valium. Mwanakemia Leo Sternbach na wenzake wa kampuni ya Roche ndio walioitengeneza, ikaanza kuuzwa mwaka 1963. Inaleta usingizi haraka na ndiyo maana inapendwa. Lakini inakaa. Nusu yake inaweza kuchukua siku moja au mbili kutoka mwilini, na ini linaigeuza kuwa kitu kingine chenye nguvu ileile ambacho huweza kukaa hadi saa 100. Kwa mzee muda huo unazidi kurefuka. Kidonge cha jana kinamkuta cha leo, na mtu anaishi mchana akiwa na usingizi wa usiku kichwani. Baada ya wiki kadhaa mwili unaizoea, usingizi unapungua, na mtu anataka mbili. Akiiacha ghafla anakosa usingizi kuliko mwanzo, anatetemeka, anajaa hofu, na wengine hupata degedege. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa zote za kundi hili ziwekewe onyo kali zaidi juu ya utegemezi. Zolpidemu, dawa nyingine ya usingizi inayosifiwa kuwa nyepesi, ina yake: mwaka 2013 FDA ilipunguza dozi inayopendekezwa kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5 kwa sababu ilikuwa inabaki kwenye damu hadi asubuhi, na mwaka 2019 ikaongeza onyo kuhusu watu wanaotembea, kupika au kuendesha gari huku wamelala na asubuhi hawakumbuki.

Wapo wanaokwepa dawa hizi na kumeza Piriton ili walale. Ni dawa ya mafua na mzio, inauzwa bila cheti, na kwa wazee inaleta ukavu, mkojo kuzuilika na kuchanganyikiwa kwa njia ileile ya amitriptilini. Ukiziweka pamoja, maudhi hujumlishwa.

Hatari kubwa kuliko zote ni mchanganyiko unaolemea pumzi. Mwezi Desemba 2019 FDA ilionya kwamba gabapentini na pregabalini zinaweza kuzuia upumuaji, hasa kwa wazee, wenye maradhi ya mapafu, na wanaotumia pamoja nazo dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodeini au morfini. Diazepamu na pombe ziko kwenye kundi hilohilo. Tramadoli ina la ziada: ikikutana na amitriptilini huongeza uwezekano wa degedege, na inaweza kushusha sukari. Mgonjwa wako akiwa ameleweshwa na dawa kiasi cha kutoamka vizuri, anapumua kwa shida, mkojo umeziba, moyo unaenda ovyo, au ngozi inatoka malengelenge na midomo kuchubuka, hasa anayetumia karbamazepini, hiyo si ya kusubiri kliniki. Mpelekeni hospitali wakati huohuo na vidonge vyote mkononi.

Kuna kidonge ambacho hakuna anayekiogopa, nacho ni vitamini B mchanganyiko, ile inayopewa kila mwenye ganzi. Metformini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo wenyewe unaleta ganzi na moto miguuni. Kupima B12 au kuirudisha ni jambo la maana sana. Lakini vidonge vingi vya mchanganyiko huo vina miligramu 100 au 200 za B6, wakati wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya mwaka 2023 waliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva na kuleta ganzi ileile. Baba alikuwa ameimeza muda mrefu, kutwa mara tatu, bila mtu yeyote kumwambia aache.

Daktari wa kliniki, alipoisoma ile barua, alianza kwa kuiondoa furosemidi baada ya kuhakikisha moyo hauna shida. Pregabalini ikapunguzwa taratibu hadi kidonge kimoja kidogo cha usiku, na uvimbe ukashuka wenyewe. Amitriptilini ikashushwa hadi 10, kisha ikaondolewa. Mate yakarudi, mkojo ukafunguka, na msahafu akausoma kwa miwani yake ya zamani. Diazepamu ndiyo iliyotusumbua. Ilipunguzwa kwa robo ya kidonge, tukisubiri wiki kadhaa kabla ya kupunguza tena, na kila punguzo Baba alikuwa mkali, jasho linamtoka, hataki kuzungumza na mtu. Tulijua ni dawa inayotoka, kwa sababu tuliambiwa mapema itakuwa hivyo. Tungekuwa hatujaambiwa tungemrudishia.

Kwa usingizi wenyewe, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza mwaka 2016 kwamba watu wazima wenye tatizo la muda mrefu waanze na mafunzo ya tabia za usingizi kabla ya vidonge. Mtaalamu wa kuyafundisha hatunaye mtaani, lakini sehemu kubwa yake inafanyika nyumbani: kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutolala mchana kutwa, kutokaa kitandani ukigaagaa bali kuinuka na kurudi usingizi unapokuja, chai ya rangi ya jioni kuachwa. Baba alikataa kuacha chai. Tumekubaliana iishie alasiri. Sukari iliposhuka na mkojo wa usiku ukapungua, hilo lilimsaidia kuliko yote.

Tatizo la kumbukumbu halikuondoka lote. Vituo vya reli anavitaja tena, ila majina ya wajukuu wadogo yanamchanganya, na daktari anasema kiasi hicho huenda ni umri na kisukari. Mfamasia alijaza fomu ya taarifa ya madhara ya dawa kwenda TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania. Mgonjwa au ndugu naye anaruhusiwa kutoa taarifa hizo, na kwa wasomaji wa Kenya zinakwenda Pharmacy and Poisons Board. Tafadhali toeni, hata kama dawa inajulikana kuwa na maudhi hayo, maana bila taarifa zetu itadhaniwa wazee wa Afrika Mashariki hawaanguki.

Miguu bado inamwaka siku nyingine. Sakafu ya saruji anaikanyaga akiwa na makubazi sasa, kwa sababu mguu usiohisi ukikatwa haujui. Kliniki ijayo tutauliza habari ya duloksetini, ambayo haizuii mkojo kama amitriptilini ila inaweza kuleta kichefuchefu, jasho na kupandisha presha, na figo zake zitapimwa tena kabla ya hapo. Baba amesema safari hii ataingia kwa daktari na kaka yangu peke yake, na kidonge hakitaingia kinywani mwake mpaka aelezwe kitamfanya nini.